Picha Mbichi

Ghent, Ubelgiji
Jumapili, 14 Januari 2024

Waridi wangu,

Utashangaa kupata barua pepe ndefu hivi. Kwa WhatsApp wewe hunijibu na kidole gumba tu, kama chifu anapiga muhuri. Kwa hivyo nimeamua kukuandikia vile tulikuwa tunaandikiana hosteli, tukiachiana vikaratasi chini ya mto, mmoja akiwa zamu ya mchana na mwingine ya asubuhi. Na usinisahihishe ngeli, tafadhali! Miaka kumi na moja niko huku, Kiswahili changu kimebaki pale pale chuoni ulipokiacha.

Habari ni hii: mashine inakuja Nyeri.

MRI unayoijua ni ile ya Nairobi, yenye chumba chake na sumaku ya kuvuta hata kitanda cha chuma. Hii yetu iko na magurudumu. Unaisukuma mpaka kwa mgonjwa, unachomeka kwa soketi ya kawaida, ile ya kuchemshia chai. Sumaku yake ni dhaifu sana, kwa hivyo picha mbichi inatoka na chenga kama televisheni ya zamani. Hapo ndipo kazi yangu inaingia. Nimetengeneza programu iliyofundishwa kwa picha za maelfu ya vichwa vya watu, ikajua ubongo unafaa kuonekana namna gani, na hiyo programu inaondoa chenga. Inaingia picha mbichi, inatoka picha safi. Watu wa fizikia walisema haiwezekani. Sasa wanapanga foleni.

Zinakuja mbili, moja hapo kwenu hospitalini, nyingine kituo cha Murang'a. Waliponiuliza nani atasimamia ya Nyeri, nilitaja jina moja tu. Unajua ni la nani.

Nimekuwekea mahojiano yangu na gazeti la nyumbani. Mamangu huko Chaka ameyabandika ukutani, ati hata wageni wakija wasome kwanza ndio wapewe chai.

Salimia Mukhtar na watoto.

Ngendo

*

Majengo, Nyeri
Jumapili, 21 Januari 2024

Kwako Daktari Ngendo,

Salamu nyingi na hongera. Alhamdulillahi sisi wazima. Mukhtar anakusalimu, anasema siku hizi akitaja kwamba mke wake alikaa chumba kimoja na wewe, watu wa msikitini wanamsogezea kiti.

Mahojiano nimeyasoma mara mbili. Umesema wazo lilikujia ukiwa mwanafunzi, ulipomwona mzee mmoja amelala wodini siku nne akingoja gari la kumpeleka Nairobi kupigwa picha ya kichwa. Ninamkumbuka mzee huyo. Alivaa koti la kijani na hakutaka kulivua hata usiku. Ninakumbuka pia swali lililoulizwa kando ya kitanda chake, kwamba kwa nini mgonjwa aifuate mashine, isiwe mashine ndiyo imfuate mgonjwa. Ninamkumbuka na aliyeliuliza. Lakini gazeti lina nafasi ndogo, haliwezi kubeba kila mtu.

Mimi nipo pale pale uliponiacha, chumba cha eksirei, mlango wa tatu. Mwaka ule uliopanda ndege nilikuwa ninamgeuza mama kitandani kila baada ya saa tatu asipate vidonda. Nilimgeuza miaka sita, hadi Mungu alipomchukua. Silalamiki. Ilikuwa haki yake kwangu.

Ahsante kwa kulitaja jina langu. Nitaisimamia mashine yako kama ambavyo ningeisimamia yangu.

Waridi Huseni

*

Ghent
Jumamosi, 2 Machi 2024

Waridi,

Picha ishirini za kwanza kutoka Nyeri zimefika na maabara nzima wamekuja kuziangalia! Hakuna kichwa hata kimoja kimelala upande. Profesa ameuliza ni chuo gani kilikufundisha, nikamwambia ni kile kile changu, akashangaa.

Ile makala yetu ya kwanza imekubaliwa. Nimekutumia. Angalia ukurasa wa mwisho, mahali pa shukrani, uko hapo. Na kuna lingine, kaa chini kwanza: nimechaguliwa kwa tuzo ya watafiti vijana, Vienna, Jumamosi tarehe 4 Mei. Nitasimama mbele ya watu elfu mbili. Mimi, mtoto wa Kieni niliyekuwa nakimbiza mbuzi kwa vumbi.

Jambo moja la kazi. Picha mbichi zote zinabaki ndani ya mashine. Utaratibu hausemi uziangalie, lakini nakujua, utaziangalia tu. Ukiona kitu, niambie mimi kwanza.

Ngendo

*

Nyeri
Jumatano, 13 Machi 2024
(Barua hii haikutumwa.)

Ngendo,

Leo ni siku ya pili ya Ramadhani. Wenzangu wamekwenda kula, nami nimefunga mlango niandike.

Jana asubuhi aliletwa Phyllis, mama anayeuza nyanya soko la Karatina. Tangu Krismasi ameanguka mara tatu, ya mwisho akaangukia kreti zake mwenyewe mbele ya wateja. Nikampiga picha. Mashine yako ikatoa picha nzuri, ubongo safi kabisa, na chini yake jibu: hakuna kasoro. Kisha nikafungua ile mbichi, kwa mazoea tu. Katikati ya chenga nikaona vidoa viwili, kimoja kama punje ya dengu, nyuma ya sikio la kushoto, na cha pili kidogo zaidi. Nikarudi kwenye picha safi. Havipo. Nikafungua mbichi tena. Vipo.

Nilimwendea Daktari Mwai, mkuu wetu hapa, akaniamini, tukampeleka Phyllis apigwe picha ya CT. Leo jibu limerudi. Ni vifuko vya tegu, mnyoo wa nguruwe, vimejikalia kwenye ubongo. Ameanza dawa. Kumbe si lazima mtu ale nguruwe. Mayai ya mnyoo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye nao, yakaingia kwenye maji na mboga, kwa hiyo hata mimi nisiyejua ladha ya nguruwe ninaweza kuwa navyo.

Nimeelewa kilichotokea bila kuambiwa na mtu. Programu yako ilifundishwa kwa vichwa vya huko, na watu wa huko hawana tegu kichwani. Ikikutana na kifuko inadhani ni chenga, inakifuta. Itakifuta leo na kesho, na kwa watu wetu kuliko wengine wote.

Hayo ndiyo unayopaswa kujua. Sasa niandike na haya mengine, kwa kuwa nimefunga na sipaswi kusema uongo.

Tulifanya mtihani mmoja wa kwenda ng'ambo, nikakupita kwa alama tisa. Nafasi ilikuwa yangu wiki tatu nzima, mpaka mama alipoanguka. Niliporudisha barua ile ofisini, wewe ndiye uliyekuwa wa pili kwenye orodha. Sijawahi kukuchukia kwa hilo. Nilikusindikiza uwanja wa ndege, nikakubebea sanduku. Lakini juzi nimefungua ukurasa wako wa mwisho nikajikuta kati ya kampuni ya usafirishaji na fundi wa umeme: Waridi Huseni, mpiga picha. Nikaisoma makala yote kutafuta lile swali langu. Lipo, sentensi ya kwanza kabisa, halina mwenyewe.

Ngendo, nina wivu. Unaniamsha kabla ya daku. Sijala wala kunywa tangu alfajiri, na kitu pekee ninachokitamani ni kukuona umesimama Vienna mbele ya watu elfu mbili, mmoja wao ainue mkono akuulize juu ya tegu, nawe ukose jibu.

Wagonjwa wa Nyeri nitawaangalia mwenyewe, picha mbichi moja baada ya nyingine. Hakuna atakayeumia.

Waridi

*

Nyeri
Jumapili, 17 Machi 2024

Mpendwa Ngendo,

Samahani kwa kuchelewa, Ramadhani inanichosha kidogo mwaka huu. Hongera kwa tuzo. Kazi inaendelea vizuri, tumepima watu arobaini na mmoja na hakuna jipya la kukueleza. Wagonjwa wanaipenda mashine kwa sababu haipigi kelele.

Makala nimeiona. Ahsante kwa shukrani.

Waridi

*

Ghent
Jumamosi, 20 Aprili 2024

Waridi wangu,

Eid Mubarak iliyopita. Nilikumbuka ile biriani ya mamako aliyokuwa anatuletea hosteli kwa sufuria imefungwa na leso, nikajaribu kupika. Majirani wangu walifungua madirisha.

Murang'a wamepima watu sitini na wawili. Gatimu, yule kijana wa huko, yuko haraka, kuna siku anapima kumi. Anaangalia jibu, anaandika, anaita mwingine. Nimemwambia mwenzake wa Nyeri ni mwangalifu zaidi, amecheka.

Hotuba yangu nimeiandika mara sita. Ninaogopa maswali. Nikilala naota mtu amesimama nyuma kabisa ya ukumbi ananiuliza kitu na siwezi kusikia.

Lakini mbona umekuwa kimya hivyo? Unanijibu kama unajaza fomu. Kuna kitu nimekukosea? Niambie tu. Mimi na wewe hatujawahi kufichana.

Ngendo

*

Nyeri
Ijumaa, 3 Mei 2024

Ngendo,

Isome barua hii hadi mwisho kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Sikupiga simu kwa sababu lazima uzione picha zenyewe.

Programu yako inafuta vifuko vya tegu. Nimekuwekea hapa picha za Phyllis wa Karatina, mbichi na safi, pamoja na CT yake. Hapa Nyeri nimepata wengine wawili kama yeye. Wote mashine ilisema wazima, wote nimewaona kwenye picha mbichi, na wote wako kwenye dawa.

Nilijua tarehe 13 Machi. Nilikuandikia siku hiyo hiyo, na barua sikuituma. Nimekuwekea na hiyo, uisome jinsi ilivyo. Nilitaka uaibike kesho.

Leo asubuhi Phyllis alikuja kliniki. Hajaanguka tangu aanze dawa, amenenepa, ameniletea nyanya kikapu kizima. Nikamwonyesha picha zake zote mbili, maana aliniomba. Akaziangalia sana.

"Sasa daktari, hii ya kusema mimi ni mzima ndiyo watu wanapewa?"

Nikamwambia ndiyo.

"Na hii ingine, ya ukweli, ni nani huwa anaangalia?"

"Hapa ninaiangalia mimi."

"Na huko kwingine?"

Siku zote hizi nimekuwa nikijiambia kwamba Murang'a si yangu. Alipoondoka nilimpigia Gatimu. Akasema majibu ni ya programu ya Ghent, na hawezi kuwaita watu awaambie si ya kweli mpaka Ghent iseme. Amri ya kuzima mashine nayo hutoka kwako. Kwa utaratibu yuko sawa.

Basi sema, Ngendo. Mpigie sasa hivi.

Sikuombi unisamehe leo. Nina aibu, na wivu wenyewe bado upo, haujaondoka kwa sababu tu nimeandika.

Waridi

*

Ghent
Jumatatu, 6 Mei 2024

Waridi,

Barua yako nimeiona leo asubuhi nikirudi kutoka Vienna.

Mashine zote mbili nimezizima saa tatu. Gatimu anawapigia watu wake wote, sitini na wanane.

Mmoja wao anaitwa Anita, anapika mandazi kwa hoteli moja hapo Murang'a mjini. Alipimwa tarehe 17 Aprili, akaambiwa ni mzima, arudi kazi. Jana asubuhi alishikwa na kifafa akiwa amesimama mbele ya karai la mafuta. Mkono wa kulia wote umeungua, na shingo. Yuko hai, amelazwa. Picha yake mbichi nimeifungua sasa hivi. Kidoa kimoja. Hata mtu asiyesoma angekiona.

Siku hamsini na moja, Waridi.

Unataka nikuambie nini? Lile swali la kando ya kitanda cha mzee lilikuwa lako. Ni kweli. Nimelisema mara nyingi mpaka likawa langu mdomoni, na sikumbuki siku niliacha kukutaja. Lakini ungeniambia Januari, gazeti lilipotoka, ningepiga simu siku hiyo hiyo wasahihishe. Ulinyamaza ili ubaki na haki ya kunichukia. Ukaweka haki yako mahali, ukaitunza, na mtu mwenye hata hatumjui ndiye ameungua.

Kuanzia leo umeondolewa kwa utafiti. Daktari Mwai ataandikiwa rasmi.

Ngendo

*

Nyeri
Jumapili, 19 Mei 2024

Ngendo,

Barua rasmi ilifika. Nilimweleza Daktari Mwai mwenyewe kabla hajaifungua. Akaniuliza kama nilimficha na yeye, nikamwambia nilimweleza kila mgonjwa, ila sikumweleza kwa nini mashine iliwakosa. Sasa nimerudi mlango wa tatu, vifua na mifupa.

Ninakuandikia kwa sababu nimekwenda Murang'a. Hukuniomba, wala sikumwomba mtu ruhusa.

Anita ana miaka ishirini na tisa. Mkono umefungwa bandeji hadi begani na shingo haigeuki, kwa hiyo mtu anayezungumza naye lazima asimame mbele yake. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimebeba matunda.

"Wewe ni wa ile mashine?"

"Mimi ni wa mashine ya Nyeri. Mimi ndiye niliyegundua kwamba inakosea."

"Uligundua lini?"

"Machi."

Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. "Mimi walinipima Aprili."

"Najua."

"Sasa hukusema?"

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, Ngendo, kuanzia Karatina. Nikasema, "Wivu."

Akanitazama. "Wivu ya mwanaume?"

"Hapana. Ya kazi. Aliyetengeneza ile mashine ni rafiki yangu."

Akacheka, kweli alicheka, halafu shingo ikamuuma akafumba macho mpaka ikapoa. "Kama ingekuwa ya mwanaume," akasema, "hiyo mimi ningeelewa."

Tukakaa. Muuguzi akaja akabadilisha chupa ya maji akaondoka. Kisha Anita akasema, "Usikuje tena na matunda. Kuja na hiyo picha yangu. Nataka kuona hiyo kitu."

Picha yake ilikuwa kwenye barua uliyomtumia Gatimu, naye akanichapishia. Nikarudi jana. Nikaishika mbele ya macho yake, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Aliiangalia kwa muda mrefu.

"Haka kadogo hivi?"

"Hako."

"Na wewe unakaona bila kutafuta?"

"Ninakaona."

Alinyoosha mkono wake mzima akaichukua ile picha, akaiweka chini ya mto, nami nikaelewa kwamba niondoke.

Waridi

*

Ghent
Jumapili, 2 Juni 2024

Waridi,

Nimesoma ile ya Murang'a mara nyingi. Sina cha kusema juu yake sasa.

Hii ni kazi. Tunaifundisha programu upya. Inahitaji kuonyeshwa vifuko: hiki ni kifuko, hizi ni chenga, hiki, hizi, mara mia. Tuko na picha mbichi mia mbili na kumi na nne kutoka Nyeri na Murang'a. Madaktari wawili wa hapa wamejaribu kuziwekea alama. Mmoja ameona vitu thelathini, mwingine saba, na hawakubaliani hata kimoja. Hawajazoea chenga. Wamezoea mashine kubwa.

Wewe umezoea. Naomba uziwekee alama.

Pia tunaandika makala mpya, ya kosa. Lazima kila mtu mwenye mashine kama hii ajue. Kundi limekubali jina lako liwe la kwanza, mbele ya langu, maana ugunduzi ni wako. Kwa shukrani halitakuwepo.

Sijakusamehe. Nakuambia ili usidhani makala ndiyo msamaha.

Ngendo

*

Nyeri
Jumapili, 9 Juni 2024

Ngendo,

Nimemaliza. Mia mbili na kumi na nne, nimezipitia mara mbili kila moja, mchana wa wiki nzima. Daktari Mwai alinipa likizo. Mbali na wale tunaowajua, nimepata wanne wengine, wote wa Murang'a. Majina yao nimempa Gatimu jana na amewapata wote kwa simu. Hakuna aliyeumia bado. Mmoja huendesha pikipiki ya abiria. Ameiegesha, ameanza dawa.

Kuhusu jina. Miaka kumi na moja nimelitaka jina hili mahali hapo. Nilikuwa nikiona makala zako ninaliandika langu kichwani, mbele ya lako, kisha ninalifuta na kuosha vyombo. Sasa umenipa, na sitaki liingie bila mwenzake. Ninaomba sentensi moja iwekwe ndani ya makala, si pembeni wala kwa maandishi madogo: kwamba mpiga picha wa Nyeri alithibitisha kosa tarehe 13 Machi, akaliripoti tarehe 3 Mei, na kwamba katika siku hizo hamsini na moja mgonjwa alipimwa, akaambiwa ni mzima, kisha akaungua.

Mukhtar anasema nitapoteza kazi. Nimemwambia labda. Anita ameisikia sentensi hiyo, nilimsomea. Alisema niondoe neno "mgonjwa" niandike "mpishi". Nimeondoa.

Bila sentensi hiyo, liondoe na jina.

Waridi

*

Ghent
Jumapili, 16 Juni 2024

Waridi,

Sentensi yako nimeiweka vile ulitaka, na mpishi ndani. Kundi waliisoma. Halafu mmoja, yule mdogo kabisa, akauliza: kutoka tarehe 3 Mei mpaka tarehe 6 ni nini kilikuwa kinafanyika? Nikamjibu ilikuwa wikendi.

Nimeshindwa kufanya kitu chochote tangu nimjibu hivyo.

Barua yako sikuiona Jumatatu. Niliiona Ijumaa hiyo hiyo, saa kumi jioni, hoteli ya Vienna, nikipiga pasi ile nguo ya kesho yake. Niliisoma mpaka mwisho vile uliniambia. Nikafungua picha za Phyllis, nikaviona vidoa. Simu ilikuwa kitandani, namba ya Gatimu iko ndani. Nikamaliza kupiga pasi.

Jumamosi nikasimama mbele ya watu. Hakuna aliyeuliza juu ya tegu. Walipiga makofi, Waridi, nikainama. Jumapili asubuhi, wakati Anita anawasha jiko lake, mimi nilikuwa nafunga sanduku.

Gatimu angeanza kupiga simu Ijumaa jioni. Nimeangalia orodha yake: Anita ni wa kumi na moja. Labda angempata. Labda simu ingekuwa imezimwa. Sitawahi kujua. Ninachojua ni kwamba nilikuandikia zile siku hamsini na moja kama mtu asiye na siku zake, na ukaenda Murang'a peke yako ukasimama mbele ya yule msichana, na mimi nikasoma hiyo barua na bado nikanyamaza mwezi mzima.

Nimejiambia ilikuwa ni tuzo. Ingekuwa tuzo, ningekuwa na nafuu. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia kuwa ni wewe umeona. Hosteli nzima ilijua nani kati yetu ako na macho. Nimekuja huku nikasoma, nikapewa maabara, kompyuta za kujaza chumba, na kila nikimaliza kazi moja nilikuwa najiambia: sasa Waridi hawezi kuona kitu mimi sijaona. Halafu ukafungua picha moja, kwa mazoea tu, mlango umefungwa, na njaa ya Ramadhani. Kama Gatimu ndiye angeniandikia ile barua, ningeizima mashine nikiwa bado nimeshika pasi.

Chini ya sentensi yako nimeongeza yangu: "Mtafiti mkuu alipokea ripoti Ijumaa tarehe 3 Mei na kuisoma siku hiyo. Alizima mashine Jumatatu tarehe 6. Mpishi aliungua Jumapili tarehe 5." Nimeituma kwa kundi zima saa moja iliyopita, kabla ya kukuandikia wewe, ili nisipate nafasi ya kuifuta.

Nitumie namba ya Anita. Najua ungependa kumtayarisha kwanza, wewe uko hivyo. Usimwambie. Niache niseme mwenyewe.

Ngendo